Ndovu Mlevi na Simba wa Hatua Mbili: Sataranji za Ajabu za Japani na Uchina



Siku moja, baada ya darasa la watoto la Jumamosi, mzazi mmoja aliniuliza swali ambalo halijanitoka akilini. "Mwalimu," alisema, "ni mchezo gani ninaoweza kuucheza na mwanangu wa miaka saba nikautilia akili zangu zote, bila ya kujifanya nimeshindwa ili asilie?" Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mtoto hutambua upesi kwamba anaachiwa, na ushindi wa kuachiwa haumpendezi mtu yeyote. Sataranji ya Kizungu haifai kwa kusudi hilo, kwani mwenye uzoefu wa miaka kumi humaliza asiye nao kama papa anavyomaliza dagaa. Bao nalo ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Jibu nililompa lilitoka Mashariki ya Mbali. Tena halikutoka katika sataranji kuu za nchi zile, bali katika ndugu zao wa pembeni, michezo ambayo hata Wajapani na Wachina wengi huihesabu kuwa ya kujiburudisha tu.

Tuanze na nasaba. Jina sataranji tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambako wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba ndiko mchezo ulikoanzia. Tawi moja la ukoo huo limeota mashariki. Uchina ina xiangqi, inayochezwa juu ya makutano ya mistari, tisa kwa kumi, na katikati ya ubao umepita mto. Japani ina shogi, yenye nyumba tisa kwa tisa na kete ishirini kwa kila upande. Msomaji wa historia ya Kiislamu atakutana huko na sura anazozijua. Ndovu wa Kichina huenda nyumba mbili kimshazari, mwendo uleule wa fili katika sataranji iliyochezwa Baghdad zama za Bani Abbas. Ila yule wa Baghdad aliruka, na huyu wa Kichina huzuiliwa na kete iliyo njiani, wala haruhusiwi kuvuka mto. Mshauri wa mfalme naye huenda nyumba moja kimshazari, sawasawa na firzani wa Waarabu kabla Wazungu hawajamgeuza malkia na kumpa ubao mzima.

Liko jambo jingine litakalowapendeza wale wasiotaka sanamu majumbani mwao. Kete za nchi hizo mbili hazikuchongwa kwa umbo la farasi wala la mfalme. Ni bapa, na zimeandikwa maneno tu. Za Kichina ni duara kama kete za dama. Za Kijapani ni vibao vya pembe tano vilivyochongoka upande mmoja, na vyote vina rangi moja. Kinachoonyesha kete ni ya nani ni upande inakoelekeza ncha yake. Msomaji na alikumbuke hilo la rangi moja, kwani tutalihitaji punde.

Mdogo wao kabisa ni mchezo uitwao dobutsu shogi, yaani shogi ya wanyama. Ulitungwa mwaka 2008 na Bi Kitao Madoka, mchezaji shogi wa kulipwa, na picha zake zikachorwa na Bi Fujita Maiko. Ubao una nyumba kumi na mbili tu, tatu kwa nne. Kila mchezaji ana kete nne: simba katikati ya mstari wa nyuma, ndovu kushotoni kwake, twiga kuliani kwake, na kifaranga mbele ya simba. Sijui kama Bi Kitao aliwafikiria watoto wenye asili ya Afrika Mashariki alipochagua wanyama hao, lakini mtoto wa Kitanzania akimwona twiga pale huhisi kwamba mchezo ni wake.

Simba huenda nyumba moja upande wowote. Twiga huenda nyumba moja mbele, nyuma, kulia au kushoto. Ndovu huenda nyumba moja kimshazari. Kifaranga huenda nyumba moja mbele, basi. Akifika mstari wa mwisho hugeuzwa akawa kuku, ambaye huenda nyumba moja kila upande isipokuwa kimshazari kwa nyuma. Anayemla simba wa mwenzake ameshinda. Vilevile ameshinda yule ambaye simba wake amefika mstari wa mwisho wa mwenzake bila ya kuweza kuliwa papo hapo. Hali ileile ya ubao ikijirudia mara tatu, ni sare.

Utamu wenyewe uko katika kanuni moja ambayo mchezo huu umeirithi kutoka kwa mzazi wake. Kete uliyoila haifi. Huwa mateka wako, na katika zamu yako yoyote, badala ya kusogeza kete, waweza kumchukua mateka huyo ukamweka katika nyumba yoyote iliyo tupu, akupiganie wewe. Ndiyo maana kete zina rangi moja: hugeuzwa ncha tu, adui akawa askari wako. Kuku aliyeliwa hurudi kuwa kifaranga. Matokeo yake ni kwamba ubao haupungui watu, mambo hayatulii, na anayeongoza aweza kuangushwa kwa hatua moja aliyoisahau.

Kanuni hiyo iliwahi kuzua mjadala mkubwa kuliko mchezo. Bingwa Masuda Kozo alisimulia kwamba mwaka 1947, Japani ilipokuwa chini ya utawala wa majeshi ya Marekani, aliitwa na maofisa wa utawala huo, wakamuuliza kama kuwatumia mateka vitani hakukuwa kuwatesa. Naye akawajibu kwamba sataranji yao wenyewe ndiyo inayowaua mateka, ilhali shogi huwapa kazi, tena kwa cheo kilekile walichokuwa nacho. Kama mazungumzo yalikwenda hivyo neno kwa neno ni juu ya msimuliaji. Hoja yenyewe ni ya mtu ajuaye kujibu.

Je, mchezo huu unalijibu swali la yule mzazi? Nadhani unalijibu. Hakuna fungu la vitabu vya kukariri, wala ubao mpana wa kumpotezea mtoto macho. Kinachotakiwa ni kuona hatua mbili tatu mbele katika nyumba kumi na mbili, na jicho la mtoto katika jambo hilo halipungui jicho la baba yake. Juma la kwanza mtu mzima atashinda. Juma la tatu atakuwa anavuta pumzi kabla ya kuweka kete. Mwaka 2009 Tanaka Tetsuro wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliuchambua mchezo wote kwa kompyuta akagundua kwamba, pande zote mbili zikicheza bila ya kosa, anayecheza wa pili hushinda katika hatua ya 78. Hilo lisimkatishe mtu tamaa. Hakuna mtoto wa miaka saba anayeweza kukumbuka hatua 78, wala babu yake hawezi.

Seti yake hutengenezwa nyumbani kwa nusu saa. Kata vipande vinane vya kadibodi vyenye ncha, andika juu yake Simba, Twiga, Ndovu na Kifaranga, na nyuma ya Kifaranga andika Kuku. Mtoto ambaye Kiswahili chake kimeanza kuchakaa kwa lugha ya shule atayasoma maneno hayo matano mara mia kwa juma bila ya kusukumwa.

Sasa tuvuke bahari twende kwa Wachina, na huku ndiko kwenye mushkeli. Upo mchezo uitwao banqi, maana yake nusu ya sataranji, unaopendwa mno Taiwan. Hutumia kete 32 za xiangqi juu ya nusu ya ubao, nyumba nne kwa nane, na kete huwekwa ndani ya nyumba badala ya kwenye makutano ya mistari. Kete zote huchanganywa zikiwa zimefunikwa kifudifudi, kisha hupangwa mpaka ubao ukajaa. Katika zamu yako wafanya moja katika mambo matatu: kufunua kete, kusogeza kete yako nyumba moja mbele, nyuma au kando, au kula. Kete ya kwanza kufunuliwa huamua aliyeifunua ni mwekundu au mweusi.

Kula huenda kwa daraja: jemadari, mshauri, ndovu, gari la vita, farasi, mzinga, na mwisho askari. Kila mmoja humla jirani yake aliye sawa naye au aliye chini yake. Hata hivyo jemadari hawezi kumla askari, na askari aweza kumla jemadari. Watoto wakilisikia hilo hucheka, kisha hulitumia bila ya huruma. Mzinga una kanuni yake peke yake. Husogea nyumba moja kama wengine, lakini haumli jirani. Sharti uruke kete moja, isizidi, iliyo kati yake na windo lake katika mstari ulionyooka, na kwa njia hiyo waweza kumla yeyote, hata jemadari. Anayemalizwa kete, au asiye na pa kwenda, ameshindwa.

Ni mchezo mwepesi na wa kuchangamsha, na kete zake hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya Kichina yaliyomo katika miji mingi tunamoishi. Mtoto wa miaka sita aweza kumshinda profesa, kwani jemadari wa profesa aweza kufunuliwa ubavuni mwa askari wa mtoto. Na hapo ndipo penye swali.

Wanavyuoni wetu waliizungumza sataranji kwa urefu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi tuliotoka pwani, sataranji isiyo na dau wala kuisahaulisha sala imehesabiwa makuruhu. Madhehebu mengine matatu ya Kisunni yamekuwa makali zaidi, na wanavyuoni wao wengi wameiharimisha. Nardi, mchezo wa dadu, imekemewa katika hadithi iliyomo katika Sahih Muslim. Tofauti waliyoiweka Mashafi baina ya mbili hizo ni ya msingi: mchezo unaotegemea hesabu na fikira una hukumu yake, na mchezo unaotegemea kubahatisha una hukumu nyingine. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya 16, aliutaja katika fungu la hesabu mchezo wa mashimo ambamo vijiwe huhamishwa kutoka shimo hadi shimo. Waliokulia barazani watatabasamu, kwani huo ni jamaa wa bao letu.

Banqi basi tuiweke wapi? Haina dadu. Lakini kete zimechanganywa na kufunikwa, na afunuaye hajui anachofunua. Ndiyo bahati hiyo, ingawa haikuvaa mavazi ya dadu. Mtu aweza kudai kwamba mchezaji mzuri huhesabu zilizokwisha kufunuliwa akakisia zilizobaki, na hiyo ni hesabu. Ni kweli, lakini hesabu hiyo haimuondolei bahati zaidi ya nusu. Mimi ni mwalimu wa shule, si mufti, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Nitasema tu tulivyofanya nyumbani kwetu. Kete tunaziweka wazi, kwa zamu, moja moja, kila mmoja akichagua pa kuiweka kete yake mpaka ubao ujae. Aliyeanza kuweka ndiye anayeanza kucheza, naye huanza kwa kula. Kanuni nyingine zote zinabaki. Bahati inatoka, na kazi ya kupanga inakuwa nusu ya mchezo: ukiweka jemadari wako mapema, mwenzako atamzungushia askari. Sitaficha kwamba kitu kimepotea. Ule mshituko wa kufunua haupo tena, na mdogo wetu kabisa huulalamikia. Hata hivyo nauona mchezo wetu kuwa bora, na wakubwa wameukubali.

Kwa wenye subira iko chu shogi, shogi ya kati, ambayo "kati" yake ni ya Kijapani: nyumba 144, kumi na mbili kwa kumi na mbili, na kete 46 kwa kila upande za aina 21. Imetajwa katika maandishi ya karne ya 14. Katika eneo la Kyoto na Osaka iliendelea kuchezwa hadi Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikakaribia kutoweka. Oyama Yasuharu (1923–1992), mmoja wa mabingwa wakubwa wa shogi katika karne ya 20, alikuwa miongoni mwa wachache walioendelea kuipenda. Huko Uingereza George Hodges alianza mwaka 1976 kutoa jarida dogo la shogi na kuuza seti za michezo hii iliyosahauliwa, na kwa njia hiyo watu ambao hawajawahi kukanyaga Japani wakawa miongoni mwa walioiweka hai.

Katika chu shogi hakuna mateka. Kete iliyoliwa imekwenda. Badala yake kuna viumbe. Mmoja wao Wajapani humwita suizo, ndovu mlevi. Nimechagua kuandika "ndovu" kwa makusudi, kwani ningeandika "tembo mlevi" msomaji asingejua kama mnyama amelewa au kinywaji kimejilewea chenyewe. Huenda nyumba moja kila upande isipokuwa nyuma moja kwa moja. Akifaulu kugeuzwa katika eneo la adui, huwa mwana wa mfalme, na tangu hapo haitoshi adui kumla mfalme. Sharti amle na mwana. Ni kete ya kale sana. Mwaka 2013, katika uchimbaji kwenye hekalu la Kofuku-ji mjini Nara, ilipatikana kete ya ndovu huyo pamoja na kibao cha mbao chenye tarehe ya mwaka 1098. Zamani alikuwamo hata katika shogi ya kawaida, na simulizi ya Wajapani husema kwamba Mfalme Go-Nara, katika karne ya 16, ndiye aliyemfukuza.

Lakini sultani wa ubao ule ni simba. Katika zamu moja hupiga hatua mbili, kila hatua upande autakao. Aweza kula katika hatua ya kwanza akala tena katika ya pili. Aweza kumla jirani yake kisha akarudi palepale alipokuwa, kana kwamba hakuinuka. Aweza pia kuruka moja kwa moja hadi nyumba ya pili, hata kama kuna kete katikati. Nguvu hizo zilileta tatizo: kila mchezaji akiwa na simba mmoja, ilikuwa rahisi wote wawili kuliana mapema na mchezo ukapoa. Basi zikawekwa kanuni za kuwalinda. Simba hawezi kumla simba mwenziwe aliye mbali naye hatua mbili ikiwa ana wa kumlipizia kisasi, ila kwa masharti. Na simba wako akiliwa na kete isiyo simba, huruhusiwi katika zamu inayofuata kumla simba wa mwenzako kwa kete isiyo simba. Ni nadra kuona kanuni za mchezo zilizotungwa kwa ajili ya kuhifadhi ladha tu.

Chu shogi huchukua saa kadhaa, na hapa lile sharti la sala halikwepeki. Kipindi cha baridi, katika nchi hizi za kaskazini, adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana mbio mbio, na mchezo mmoja waweza kuzipitia zote tatu. Dawa nimeipata kwa Wajapani wenyewe. Mashindano yao makubwa ya shogi huchezwa kwa siku mbili, na jioni ya siku ya kwanza mwenye zamu huandika hatua yake kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha, isifunguliwe hadi asubuhi, ili asiwepo mwenye kupata usiku mzima wa kufikiri akijua mwenzake amecheza nini. Nasi tunafanya hivyo. Wakati wa sala ukiingia, mwenye zamu huandika, hufunga bahasha, tunaondoka. Hakuna kisingizio cha "ngoja nimalize hatua hii", kisingizio ambacho ndicho hasa wanavyuoni walichokiogopa.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Taikyoku shogi ina nyumba 36 kwa 36 na kete 402 kwa kila upande. Mwaka 2004 kipindi kimoja cha televisheni ya Japani kiliwakalisha wachezaji wawili wauchezee hadi mwisho. Walitumia zaidi ya saa 32 na hatua zaidi ya 3,800. Huo nausoma tu, siuchezi, wala simshauri mtu.

Anayetaka kuikaribia chu shogi asianze na kete zote 92. Chora ubao, tengeneza simba mmoja wa kadibodi, umweke katikati, kisha mtawanyie kete za dama kumi au kumi na mbili kumzunguka, zisizotembea. Mwambie mtoto atafute njia ya kula nyingi iwezekanavyo katika zamu tatu. Zikipangwa vizuri hupatikana sita. Wajukuu zangu huanza kwa kupata nne, na hawaondoki mezani mpaka wazione zile mbili zilizobaki.